Niliionja Pombe ya Mgombea Mbele ya Watu, Sasa Imenikwama Kooni

Mpendwa Mama Latifa, naomba msaada wako, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana huwa nasoma unavyowagombeza wenzangu na huwa nacheka peke yangu jikoni, lakini leo ni zamu yangu na sicheki.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, mkulima wa huku Gasorwe, nimezaliwa Tanzania kambini na nimekulia huko, nikarudi Burundi nikiwa na mtoto mgongoni, na unajua sisi tuliorudi tunavyoishi, kule tulikuwa tunaitwa Warundi na huku ukifungua mdomo sokoni wanasikia Kiswahili ndani ya Kirundi chako wanasema "Mtanzania huyo," basi unabaki hapo na kikapu chako hujui kwenu ni wapi. Nakueleza haya si kwa kulalamika, ni ili ujue kwa nini nilimpenda mtu huyu ninayetaka kukueleza, nimwite Fredi.

Fredi anagombea ubunge, hana chama, anasimama mwenyewe. Tulimjua kwanza kama muuza mbegu na mbolea hapa sentani penye maduka, mtu mpole, mwenye kukopesha kwa heshima, naye amekulia kambini kama sisi, mama yake peke yake ndiye aliyebaki kwao Gishubi kule Gitega. Siku ya kwanza alipozungumza na watu hakusema habari za barabara wala umeme, alisimama akauliza tu, "Nani hapa bado anakumbuka unga wa njano?" Mama Latifa, ule unga wa msaada, ugali wake unanuka gunia, watoto waliula wakilia, hakuna mtu wa kambini asiyeujua. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mimi nikacheka nikalia. Halafu akasema, "Ninyi si wageni. Shamba la baba yako ni la baba yako, hata kama jembe la mwingine limelima humo tangu hujazaliwa." Nakuambia ukweli, tangu nivuke mpaka hakuna mtu aliyewahi kunisemea hivyo.

Mume wangu Josephat akawa dereva wake. Mimi, kwa kuwa ni kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama waliorudi, akaniomba nimkusanyie watu nyumbani kwangu, na akaleta pombe ya ndizi, mtungi mzima, na mirija mipya. Desturi unaijua, mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya wageni ndipo wageni wanywe, wajue haina sumu na moyo wake ni safi. Watu wakawa wanangoja aonje. Yeye akanigeukia akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hawa mimi wananijua kwa mbegu tu. Wewe wanakujua moyo. Nionjee." Nikaona ni heshima kubwa, Mama Latifa, niliona hata nimeota urefu, nikashika mrija nikaonja nikasema mbele ya wazee wote, "Ni nzuri, kunyweni." Wakanywa. Tangu siku hiyo kijiji kwa kijiji, kila mlima aliokwenda nilikwenda naye, na kila mahali mimi ndiye niliyeonja.

Nina jirani, mjane, Gaudensia, naye amerudi kutoka Tanzania. Shamba la baba yake lilikuwa limekaliwa na mzee Zuberi siku nyingi, na wazee wa mlima, bashingantahe, walikuwa wamekaa na kukaa mpaka mzee Zuberi mwenyewe akalainika akasema, "Mi sikuibia mtu, mi nilipewa na serikali ya komini. Lakini shamba iko kubwa, mama. Tukate katikati, we ulime huku, mi nilime huku, tusiuane." Gaudensia akaja kwangu kuniuliza akubali nusu au vipi. Nikamwambia asikubali, angoje Fredi apite, atalipata lote. Akakataa ile nusu. Mzee Zuberi alikasirika sana, akasema, "Nikimaliza kuvuna maharage shamba lote nawagawia wanangu, basi."

Sasa lililonipata ni hili. Mama yake Fredi alifariki mwaka jana, na majuzi ndiyo walikuwa wanamaliza matanga huko Gishubi, ile sherehe ya kuganduka, akanialika kama dada yake. Tukaenda na gari, Josephat akiendesha, wala njia hakuuliza. Tulipofika Josephat hakuingia ndani ya ua, akasema yeye anaangalia gari. Mimi nikavaa imvutano yangu, vazi letu la sherehe, nikakaa na wanawake wa familia, mitungi ikaja, mirija ikazunguka, ilikuwa sherehe nzuri yenye watu wengi. Ikafika pale msemaji wa familia anapouliza kama kuna mtu yeyote ambaye marehemu alimwachia neno. Nyuma kabisa akasimama mwanamke wa umri wangu, amevaa kitenge kilichopauka, anaitwa Pili. Alisema Kirundi lakini nikasikia Kiswahili ndani yake, nikajua mara moja huyu ni wa kwetu.

Akasema, "Marehemu alinipa kipande kule bondeni nilime. Alisema mbele ya majirani kwamba shamba hili lote lilikuwa la babu yangu kabla hajakimbia, na kwamba mwanawe yeye marehemu akirudi tutagawana. Mwanawe yupo hapa. Migomba yangu imekatwa, nimekuja kuuliza nani kaikata."

Mama Latifa, nilimtazama Fredi nikiwa nimeshatabasamu. Nilijua atakachosema, nimekisikia mlima kwa mlima, ningeweza kumsaidia kukisema. Akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Aliyeondoka aliondoka. Ardhi haimjui mtu, inajua jembe. Kama ninyi Watanzania mna mashamba ya kudai, mrudi mkayadai Tanzania." Watu wakapiga makofi. Msemaji akaendelea na sherehe. Mirija ikazunguka tena, na ilipofika kwa Pili ikampita ikaenda kwa mtu wa mbele yake, yeye akabaki amekaa na mikono mapajani. Mimi nilikuwa na mrija mdomoni. Nikaendelea kunywa, maana mgeni akiacha mtungi katikati ni matusi.

Tulipokuwa tunaondoka nikamvuta Fredi pembeni, nikamuuliza, "Kaka, yale maneno ni yako?" Hakukasirika hata kidogo. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, kule ni kampeni. Hapa ni kwetu." Akanipa mfuko wa maparachichi niwapelekee watoto.

Njiani tukamshusha Fredi kwanza. Tulipobaki wawili Josephat akaniuliza, "Umeongea na nani kule?" Nikamwambia yote. Akasema siasa ndivyo zilivyo, akasema Fredi akipita yeye atakuwa dereva wa mbunge, watoto watasoma, na sisi tuna nini kingine. Nikamwambia siwezi tena. Akasema, "Ukimwaibisha yule umeniaibisha mimi, na nyumba hii usiijue tena." Hajawahi kuninenea hivyo tangu tuoane.

Jumamosi ni mkutano wa kufunga kampeni hapa uwanja wa soko, watu watatoka milima yote, na Fredi anataka kama mwanzo, mtungi mbele, mimi nisimame nionje, halafu wazee wanywe. Vijana wake wameanza kupita nyumbani kwangu, hawasemi ubaya, wananisalimia tu, mama hujambo, mama tuko pamoja Jumamosi, wanapita asubuhi wanapita jioni. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza kwenda kwa dada yangu Christina huko Buhinyuza, lakini nyumba yake ni ndogo. Nimewaza pia kwamba pengine wagombea wengine ni wabaya kuliko yeye, kwamba huyu angalau alitukumbuka, angalau anaujua unga wa njano. Na jana Gaudensia aliniletea viazi vitamu vya moto akaniambia, "Mungu akubariki dada, ungeniacha ningepokea nusu." Nimeshindwa kuvila, Mama Latifa. Nifanye nini? Jina langu usiliandike.

Mimi wa Gasorwe, nisiyelala.

MAMA LATIFA ANAJIBU

Mwanangu wa Gasorwe, pole. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa kuwa Jumamosi haingoji. Majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha, na wewe hutatambulika hapa. Atakayejitambua ni shauri lake.

Nimekusikiliza hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa nakugombeza.

Mimi Mwislamu, pombe siinywi, lakini nimezeekea Muyinga hii na najua maana ya kuonja. Mwenye pombe ndiye anayeonja. Wewe mwenyewe umeiandika desturi hiyo kwa mkono wako, halafu ukaniambia kwamba pombe ilikuwa ya Fredi na uliyeonja ni wewe! Hukujiuliza kwa nini mtu mwenye mtungi wake anatafuta ulimi wa mwenzake? Aliyajua ya Gishubi tangu siku ile. Hakutaka kinywa chake kiape mbele ya wazee, akakodi chako, na malipo yake ni kukuita dada. Ukaota urefu. Kilemba cha ukoka, mama, nacho kimekutosha kweli kweli.

Na sikulaumu kwa kumpenda. Mtu aliyeitwa mgeni pande zote mbili za mpaka, akisikia sauti moja inamwambia wewe ni wa hapa, atakimbilia sauti hiyo, hata mimi ningekimbia. Ule unga wa njano aliula kweli, nisingependa ufikiri alidanganya. Hilo ndilo baya zaidi. Anaijua njaa yenu vizuri, na ameamua kuitumia.

Umeniandikia Fredi, Fredi, Fredi, alivyosema, alivyofunga kifungo cha koti, maparachichi aliyokupa. Gaudensia umemweka kwa maneno machache katikati ya barua kisha ukaendelea na safari yako. Lakini ukimtoa Fredi katika habari hii, wewe utabaki na aibu, na aibu huwa inapoa. Gaudensia hatabaki na kitu. Alikuwa na nusu shamba mkononi, imetoka kwa mzee aliyelainika mwenyewe bila kupigwa wala kushtakiwa, jambo ambalo katika milima yetu watu wamekufa wakilingoja, nawe ukamwambia aikatae. Umekosa usingizi kwa ajili ya mkutano. Ungekosa usingizi kwa ajili ya maharage ya mzee Zuberi, ambayo yanakauka wakati mimi na wewe tunaandikiana.

Basi ukimaliza kusoma hapa usiketi. Nenda kwa Gaudensia leo, mchana, watu wakiona. Usimzungushe na usianze na Gishubi. Mwambie, "Nilikushauri vibaya, kachukue nusu." Atalia, pengine atakutukana, na unastahili kutukanwa, nyamaza. Kisha nenda naye kwa wale wazee wa mlima, na muongozane nao hadi kwa mzee Zuberi. Wewe ndiye upige magoti, si yeye, maana aliyemharibia mzee heshima yake ni ulimi wako. Mwambie, "Kosa ni langu, mjane huyu alinisikiliza mimi." Mzee aliyesema tusiuane bado anaweza kulisema tena. Inawezekana pia umechelewa, ameshawagawia wanawe na wanawe hawana moyo wa baba yao. Sitakudanganya. Nenda hivyo hivyo, kwa sababu ukikaa kimya yule mjane ataendelea kukuletea viazi mpaka siku atakapojua.

Sasa mumeo. Hapa nitakuumiza, kaa chini. Josephat amemwendesha Fredi siku zote hizi, na barabara ya Gishubi hakuiulizia kwa mtu. Alipofika hakuingia uani. Na mliporudi hakukuuliza umeona nini, alikuuliza umeongea na nani. Mtu anayeuliza hivyo anajua tayari kilichopo cha kuonekana, mwanangu. Alikuacha uonje mlima kwa mlima naye anajua. Sisemi hakupendi. Nasema amechoka na umaskini, na uchovu huo umemla mahali ambapo wewe ulidhani pamebaki pazima. Usimwulize, atakana, na mtapigana bure. Sikuambii umwache na sikuambii ubaki, hilo utalijua mwenyewe baada ya Jumamosi, ukiona anasimama upande gani.

Kujifanya mgonjwa usijaribu. Ukiwa mgonjwa Fredi atasema, "Dada yetu anaumwa, amenituma niwasalimie," na utakuwa umeonja ukiwa kitandani. Kukimbia kabla ya Jumamosi ni hivyo hivyo. Hotuba nayo usitoe. Kipaza sauti ni chake, betri ni yake, vijana wanaokusalimia asubuhi na jioni ni wake. Nimeona wanawake wajasiri waliosema yote jukwaani, na nimekwenda kuwazika.

Watoto watangulie Ijumaa kwa dada yako Buhinyuza. Nyumba ndogo ya ndugu inatosha, walale mzungu wa nne kama mlivyolala kambini. Jumamosi nenda mkutanoni na akina mama wa kikundi chako, wote, usitembee peke yako kwenda wala kurudi. Vaa ile imvutano uliyovaa Gishubi. Ukiitwa, simama. Ukifika kwenye mtungi chukua mrija, mwendee Fredi, mpe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na umwambie kwa sauti ya kawaida, "Kaka, pombe ni yako. Onja mwenyewe." Kisha rudi ukae.

Ni hayo tu. Hujamtukana, hujasema uongo, hujavunja desturi, umeirudisha mahali pake. Hakuna kijana atakayeweza kueleza umekosa nini. Na hakuna mzee pale uwanjani atakayehitaji kuelezwa, kwa kuwa wale walikunywa kwa sababu yako, na watakuona umerudisha mrija.

Usidhani ataanguka. Atacheka, ataonja, atapangusa mdomo, atauliza nani anakumbuka unga wa njano, na wengi watacheka tena. Anaweza kushinda. Akishinda utaishi chini ya mbunge anayekujua kwa jina, na huenda mlango wa nyumba yako ukawa umefungwa kwa ndani siku hiyo hiyo. Sina dawa ya hilo. Ukitoka uwanjani, nenda moja kwa moja Buhinyuza na wenzako wakusindikize.

Limebaki moja, nawe hukuliuliza. Ulisema mrija ulimpita Pili, ukasema ulikuwa na wa kwako mdomoni, ukaendelea kunywa kwa kuogopa matusi. Mama, matusi yalikuwa yameshatendeka, na uliyatazama. Siku mambo yakitulia, kama yatatulia, tafuta nauli uende Gishubi. Usiende na ahadi yoyote. Nenda na kibuyu kidogo cha pombe yako mwenyewe, uliyoisindika kwa mikono yako, ukae naye chini kwenye mashina ya migomba yake iliyokatwa.

Na hiyo, onja wewe kwanza.